Kipimo cha umeme wa retina na presha ya macho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Maswali haya ni ya watu wa huku kwetu: wagonjwa, watoto wanaowapeleka wazee wao kliniki, na wengine ambao ndugu yao ameshapofuka na sasa wanajihofia wenyewe. Mengi yanaanza na habari kwamba kuna kipimo kinachosoma umeme wa jicho, na kwamba kinaibaini presha ya macho kabla haijaharibu. Habari hiyo ina ukweli mkubwa ndani yake, lakini ina masharti, na kwa sababu ya masharti hayo tumejibu kwa urefu.

Presha ya macho ndiyo presha ya damu iliyopanda machoni?

Hapana. Mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyingine, na vidonge vya presha ya damu haviwi badala ya dawa ya macho. Sehemu ya mbele ya jicho hutengeneza majimaji safi usiku na mchana. Majimaji hayo hulisha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na lenzi, kisha hutoka kupitia vinjia vyembamba vilivyo pembeni, pale konea inapokutana na duara lenye rangi. Vinjia vikiwa vizito kupitisha, majimaji hukaa na msukumo hupanda. Kwa watu wengi msukumo huo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Lakini ugonjwa wenyewe, ambao daktari huuita glakoma, hauko kwenye majimaji. Uko nyuma ya jicho, kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Mshipa huo umejengwa kwa nyuzi za seli ziitwazo seli za ganglioni, takriban milioni 1 kwa kila jicho. Seli hizi zikifa haziingii nyingine mahali pake. Wako watu wenye msukumo wa 17 ambao mshipa wao unazidi kufa, na wako wenye 25 ambao mshipa wao uko salama miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mtu akikwambia alipimwa presha ya macho akaambiwa iko sawa, muulize kama walimulika mpaka ndani wakautazama na mshipa. Wengi hawajawahi kutazamwa.

Mamangu anasoma msahafu bila miwani na anatia uzi kwenye sindano. Vipi aambiwe ana glakoma?

Hakuna swali linaloleta ubishi nyumbani kama hili, na mama ana haki ya kushangaa. Glakoma ya kawaida huanza kula pembeni na kuacha katikati. Katikati ndipo tunaposomea na tunaposhonea, basi mtu haoni upungufu wowote. Wala haoni giza pembeni, kwa sababu ubongo hujaza pengo kwa kukisia, na jicho moja hufichia kasoro ya mwenzake.

Dalili, zikija, huonekana kwa watu wa pembeni kabla ya mwenyewe. Mzee anapigwa kikumbo na punda katika vichochoro vya Langoni kwa kuwa hakumwona akija ubavuni. Anajikwaa kwenye ukingo wa baraza aliyoizoea tangu utotoni. Anamwaga chai kwa kuwa kikombe kilikuwa upande wake wa kushoto. Nyumbani husemwa ni uzee. Huenda ni uzee kweli, lakini mpelekeni akapimwe.

Watafiti waliolinganisha macho ya watu waliofariki na majibu ya vipimo walivyofanyiwa wakiwa hai walikuta kwamba kipimo cha upeo wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga, huanza kuonyesha kasoro ya uhakika baada ya kupotea kati ya asilimia 25 na 35 ya seli za ganglioni. Theluthi nzima inaweza kuondoka bila mtu kulalamika na bila kipimo hicho kusema neno. Hapo ndipo hamu ya kupima umeme ilipotokea.

Umeme gani huo? Jicho lina umeme?

Linao, kama moyo ulivyo nao. Mwanga ukiingia, seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hubadilisha chaji zake, na mabadiliko hayo husafiri kutoka tabaka moja la seli hadi jingine. Ukiweka elektrodi, yaani kinasa umeme, karibu na jicho unaweza kuyanasa na kuyachora. Frithiof Holmgren wa Sweden aliunasa mwitikio huo katika jicho la chura mwaka 1865, na James Dewar wa Scotland akaupata kwa binadamu mwaka 1877. Kipimo huitwa elektroretinografia, na kwenye karatasi za hospitali huandikwa ERG.

Mchoro wa kawaida, unaotokana na mmweko wa mwanga, huanza kwa kushuka halafu hupanda kwa nguvu. Kushuka kule hutoka kwa seli zinazopokea mwanga, na kupanda hutoka hasa kwa seli za tabaka la kati. Sasa shikeni hapa: katika pande hizo mbili za mchoro, seli za ganglioni karibu hazisikiki. Mtu mwenye glakoma anaweza kufanyiwa ERG ya mmweko wa kawaida na wimbi lake kubwa likatoka zuri kabisa. Akirudi nyumbani kusema "nimepimwa umeme, sina kitu", atakuwa amejidanganya kwa kipimo kisichomhusu. Glakoma inahitaji ERG iliyopangwa makusudi kuzisikiliza seli za ganglioni.

Basi hizo za glakoma ni zipi?

Ziko mbili zinazotajwa zaidi.

Ya kwanza huandikwa PERG. Badala ya mmweko, unatazama skrini yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Myeusi inageuka myeupe na myeupe inageuka myeusi, takriban mara 4 kwa sekunde, na mwanga wote wa skrini haupungui wala hauzidi. Kwa kuwa jumla ya mwanga haibadiliki, kinachobaki kwenye mchoro ni kazi ya seli zinazotambua mipaka na tofauti. Mchoro una kilele karibu na milisekunde 50 na bonde karibu na milisekunde 95. Bonde hilo la 95 ndilo linalotegemea zaidi seli za ganglioni. Lamberto Maffei na Adriana Fiorentini, watafiti wa Italia, walionyesha mwaka 1981 kwamba ukikata mshipa wa jicho la paka, mwitikio wa miraba hufifia kadiri seli za ganglioni zinavyokufa mpaka ukapotea, na ule wa mmweko wa kawaida ukabaki. Mambo yakawa wazi tangu hapo.

Ya pili huandikwa PhNR. Hii hutumia mmweko, kwa desturi mwekundu juu ya mwanga wa buluu, na macho yanatazama bakuli jeupe lililowashwa. Baada ya wimbi kubwa kupanda, mchoro hushuka chini ya mstari wake kabla ya kutulia, na tunatazama kina cha mshuko huo. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionyesha kwa nyani waliosababishiwa glakoma kwamba mshuko huo hupungua sana wakati mawimbi mengine hayajaguswa. Faida yake ni kwamba haikutaki ukaze macho kwenye nukta moja, wala haisumbuliwi sana na miwani isiyo sahihi.

Ipo na ERG ya vituo vingi, inayopima vipande vidogo vidogo vya retina kila kimoja peke yake. Ni nzuri kwa magonjwa ya katikati ya retina. Kwa glakoma haijawa ya kutegemewa, hatutaikawilia.

Wanatia umeme machoni? Unauma?

Hawatii umeme wowote. Elektrodi inapokea tu. Kinachoingia jichoni ni mwanga.

Elektrodi zenyewe ni za namna kadhaa. Kuna uzi mwembamba sana unaolazwa ndani ya ukingo wa kope la chini, kuna kijikaratasi cha dhahabu kinachokunjwa hapo hapo, kuna lenzi inayokaa juu ya konea baada ya kutiwa tone la ganzi, na kuna vibandiko vya ngozini chini ya jicho. Vibandiko ni raha zaidi kwa mgonjwa, lakini mawimbi yanayonaswa navyo ni madogo zaidi. Nyingine hubandikwa kwenye paji la uso au karibu na sikio. Uzi utausikia kidogo kama unywele ulioingia jichoni, basi.

Mwenye kifafa, hasa kinachochochewa na taa za kumwekamweka, amwambie mpimaji kabla ya kukaa kitini.

Kinawahi kiasi gani kuliko vipimo vingine?

Chuo Kikuu cha Miami kilifuatilia kwa miaka watu walioshukiwa kuwa na glakoma bila kuthibitika, wakawapima PERG na kuwapima unene wa nyuzi za mshipa kwa skani iitwayo OCT. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mwitikio wa umeme ulipungua kwa asilimia 10 takriban miaka 8 kabla ya unene wa nyuzi kupungua kwa kiasi hicho hicho.

Sababu yake inaeleweka. Seli ya ganglioni haifi ghafla. Hunyongeka kwanza: matawi yake husinyaa na kazi yake hupungua, lakini bado ipo mahali pake na skani bado inaihesabu. OCT hupima umbo. ERG hupima kazi. Seli iliyo mgonjwa bado ni seli hai. Na kuna jambo linalotupa matumaini kuliko yote: imeonekana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, msukumo wa jicho ukishushwa kwa dawa, mwitikio wa PERG hupanda tena. Seli zilizonyamaza huanza kujibu. Zilizokufa hazijibu kamwe. Kipindi hicho cha katikati, seli ikiwa imechoka lakini haijafa, ndicho tunachokipigania, na ndicho kipimo hiki kinaweza kukionyesha.

Nikipata majibu mabaya, ndiyo nina glakoma?

Si hivyo moja kwa moja. PERG hushuka pia kwa ugonjwa wa katikati ya retina, kwa magonjwa mengine ya mshipa wa jicho, kwa miwani isiyolingana na umbali wa skrini, na hata kwa mtu aliyesinzia au aliyekuwa akitazama kando. Kisukari hugusa umeme wa retina hata kabla ya madoa ya damu kuonekana ndani. Umri nao hupunguza mwitikio taratibu kwa kila mtu.

Mawimbi yenyewe ni madogo mno. Ya PERG ni microvolti chache tu, wakati yale ya moyo hufika karibu na microvolti 1,000. Ndiyo maana mashine hukusanya miitikio zaidi ya 100 na kuichanganya ili wastani ujitokeze katika kelele za misuli na za nyaya za jengo. Ukipimwa leo na ukapimwa tena juma lijalo, namba hazitalingana kabisa. Daktari mwangalifu hatabadilisha matibabu kwa mchoro mmoja. Atalinganisha jicho na jicho, atarudia, na atauweka mchoro pamoja na msukumo, unene wa konea, hali ya mshipa, upeo wa kuona na OCT.

Na kinyume chake ni hivyo hivyo. PERG nzuri haifuti mshipa uliochimbika. Ukiambiwa na daktari aliyeutazama mshipa kwamba umeliwa, tumia dawa hata kama karatasi ya umeme inapendeza.

Nijitayarishe vipi siku ya kipimo?

Usijipake wanja. Wanja wa manga unang'ang'ania kwenye kope na unaharibu mgusano wa elektrodi. Oga uso kwa sabuni, na usipake mafuta ya nazi wala losheni usoni asubuhi hiyo, kwa sababu vibandiko havishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Hina na piko mikononi havina neno.

Beba miwani yako, ya kusomea na ya mbali, yote. Kwa PERG hutiwi dawa ya kupanua mboni na lazima uone miraba vizuri, kwa hiyo ukisahau miwani umepoteza safari. Kwa PhNR mboni hupanuliwa, na utaona ukungu na mwanga mkali kwa saa kadhaa, basi usipange kurudi na boti au pikipiki ukiwa peke yako. Kama siku hiyo hiyo utapigwa picha za ndani ya jicho, omba kipimo cha umeme kitangulie, kwani mimweko ya kamera huchosha retina na inahitaji angalau nusu saa kupumzika.

Dawa zako za macho tumia kama kawaida mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kinamama wanaovaa nikabu huuliza kama watalazimika kufunua uso. Ndiyo, sehemu ya paji, mashavu na karibu na masikio itahitaji kuwa wazi kwa muda. Chumba huwa na watu wachache, na si vibaya hata kidogo kuomba mpimaji wa kike unapoweka miadi. Ombeni mapema, msisubiri kufika mlangoni.

Kazi yenyewe ni kukaa, kutazama katikati, kulegeza taya na mabega, na kupepesa macho pale tu unaporuhusiwa. Kukunja uso na kutafuna huchafua mchoro kuliko watu wanavyodhani.

Nina mtoto wa jicho. Nipimwe kwanza au nipasuliwe kwanza?

Mtoto wa jicho mzito huzuia miraba isionekane, na PERG itatoka ndogo hata kama seli ni nzima. PhNR hustahimili zaidi. Mara nyingi jibu la busara ni kuutazama mshipa kadiri unavyoonekana, kupima msukumo, kupasua mtoto wa jicho, kisha kupima vizuri. Ila daktari ajue kabla ya upasuaji kama glakoma ipo. Watu wengi wamefurahia kutolewa mtoto wa jicho wakidhani wamemaliza, kumbe ugonjwa wa pili ulikuwa nyuma yake.

Babu hawezi kile kipimo cha kubonyeza kitufe. Anachoka, anasinzia, anabonyeza ovyo.

Kwa mzee kama huyu kipimo cha umeme kina thamani ya pekee, kwa sababu hakimuulizi kitu. Retina hujibu yenyewe. Asiyesikia vizuri na asiyezungumza lugha ya mpimaji wote wanaweza kupimwa. Kwa asiyeweza kukaza macho, PhNR inafaa kuliko PERG.

Kinapatikana Lamu au Malindi?

Hiki ni kipimo cha hospitali kubwa za rufaa na vituo vya utafiti. Msivuke kwenda Mokowe na kupanda basi la Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa kwa kusikia tu kwamba mashine iko mahali fulani. Pigeni simu kwanza, mtaje kipimo kwa jina, PERG au PhNR. Mkiuliza ERG tu mnaweza kuitikiwa ndiyo, kisha mkakuta ni ile ya mmweko wa kawaida. Ulizeni pia gharama, na kama SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itagharimia chochote.

Siku hizi kuna mashine ndogo za kushika mkononi zinazotumia vibandiko vya ngozini. Kwa visiwa kama Pate na Kiwayu, ambako safari ya hospitali ni ya bahari na nchi kavu, mashine ya kubebwa kwenye begi ingekuwa na maana kubwa, na tunatamani wanaopanga bajeti za afya za kaunti wazifikirie. Lakini kusema kweli, kabla ya mashine hiyo tunahitaji mtu mwenye ujuzi wa kutazama mshipa wa jicho na kifaa cha kupima msukumo kinachofanya kazi kila siku ya juma. Hivyo ndivyo vitakavyowagundua wengi.

Kwa hiyo anza hapa hapa: hospitali ya King Fahd kwa walio Lamu, hospitali ya Malindi kwa walio upande huo. Omba kuonwa na mtu wa macho, na kama kuna shaka omba rufaa kwa daktari bingwa. Usikae nyumbani ukiisubiri ERG.

Nani aende kwanza?

Ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wa glakoma, kisha watoto wake. Damu ndiyo inayotangulia katika ugonjwa huu, na sisi watu wenye asili ya Afrika tunaupata zaidi, mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Ikiwa baba amepofuka kwa presha ya macho, watoto wake wote wanapofika miaka 35 au 40 wapimwe, hata anayeona mpaka jahazi la mbali.

Halafu waje waliowahi kupigwa jicho: na kamba ya tanga, na boriti ya mkoko, na mpira, na ngumi. Pigo butu linaweza kuharibu vinjia vya kutolea majimaji, na msukumo ukapanda miaka mingi baadaye, mtu ameshasahau.

Kisha wanaotumia dawa zenye steroidi, na hapa tunataka kusisitiza. Watoto wengi wa pwani wana mzio wa macho: macho yanawasha, yanakuwa mekundu, wanayafikicha mchana kutwa. Mzazi anakwenda duka la dawa, anapewa matone yenye deksamethasoni au betamethasoni, mtoto anapona kwa siku mbili, na kuanzia hapo chupa inanunuliwa kila mwezi bila daktari. Steroidi inaweza kupandisha msukumo wa jicho kimya kimya na kuua mshipa wa mtoto wa miaka 10. Krimu za kujichubua zinazopakwa usoni mara nyingi zina dawa za jamii hiyo hiyo. Tafadhali someni majina kwenye chupa, na mtoto aliyetumia matone hayo kwa wiki nyingi apelekwe akapimwe msukumo sasa.

Kutia matone kunabatilisha saumu?

Tunalijibu hili kwa sababu wagonjwa huacha dawa mwezi mzima wa Ramadhani na kurudi kliniki msukumo ukiwa juu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi ya kufika ndani ya mwili, na kinachotiwa jichoni hakibatilishi saumu hata ladha yake ikisikika kooni. Mwenye wasiwasi amuulize shehe wake, lakini aulize kabla ya mwezi kuandama, asiache dawa kwanza.

Ukitia tone, funga jicho na ubonyeze kwa kidole pembe ya karibu na pua kwa dakika 2. Dawa haitateremka kooni sana na itafanya kazi zaidi jichoni. Dawa za mara moja kwa siku, kama latanoprosti, zinaweza kutiwa usiku. Wanaomeza vidonge vya asetazolamidi wapange na daktari wavinywe baina ya futari na daku. Na wakati wa kufuturu usinywe lita nzima ya maji kwa mkupuo, maana hilo hupandisha msukumo wa jicho kwa muda. Kunywa kidogo kidogo mpaka usiku.

Nina pumu. Nimeandikiwa timololi.

Rudi leo ukamwambie daktari. Timololi inaweza kubana mapafu ya mwenye pumu hata ikiwa ni tone la jicho. Zipo dawa nyingine.

Matibabu yatanirudishia nilichopoteza?

Hapana, na anayekuahidi hivyo, awe na mitishamba au na mashine, anakuibia. Matibabu hulinda kilichobaki. Kuna matone, kuna leza, na kuna upasuaji wa kufungua njia mpya ya majimaji. Kuhusu leza tuna ushahidi wa karibu: jaribio lililofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021 liliweka baadhi ya wagonjwa kwenye leza iitwayo SLT na wengine kwenye matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Kwa mtu wa Faza anayekosa dawa kila bahari inapochafuka, hiyo ni habari ya kuuliza kliniki.

Jicho moja limeshapofuka kwa glakoma. Kipimo cha umeme kina faida kwangu?

Kwa jicho lililokwisha kuharibika sana, hakina. Mwitikio ukishafika chini kabisa hauna pa kushuka, na hauwezi kuonyesha kama ugonjwa unaendelea. Huko hutumika upeo wa kuona. Faida ni kwa jicho la pili, na zaidi kwa wanao na nduguzo ambao bado hawajapoteza kitu.

Jicho limekuwa jekundu ghafla, linauma, kichwa kinagonga, ninatapika na ninaona duara za rangi kwenye taa.

Acha kusoma. Hii inaweza kuwa glakoma ya kuziba ghafla, na inapofusha kwa saa na siku. Nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa kukodi boti.

Nikifika kwa daktari bingwa, niulize nini?

Uliza msukumo wa kila jicho ni ngapi na uandikwe kwenye kitabu chako. Uliza uwiano wa shimo la mshipa, yaani ukubwa wa shimo ukilinganishwa na kichwa cha mshipa wenyewe, ni ngapi kulia na ngapi kushoto. Uliza kama pembe ya jicho iko wazi au imefinyika, na unene wa konea. Ikiwa wewe ni wa kushukiwa tu, mshipa una shaka lakini upeo wa kuona ni mzima, hapo uliza kama PERG au PhNR ingesaidia kuamua kuanza dawa sasa au kungoja. Kwa hali hiyo hasa ndipo kipimo hiki kinapofaa zaidi. Ukipimwa, omba nakala ya mchoro wenyewe, si barua ya maelezo peke yake, na uuhifadhi pahali pakavu pasipofika chumvi wala mchwa. Mchoro wa pili utasomwa kwa kulinganishwa na huo.